Trilobiti Wasiopatikana Rwenzori

Trilobiti ni arithropodi wa baharini, ndugu wa mbali wa kaa, nge, jongoo na panzi. Alianza kuonekana duniani kabla ya samaki wenye taya, kabla ya miti, na kabla ya mnyama yeyote kukanyaga nchi kavu kwa mguu. Magamba ya kwanza ya kundi lake yamo katika miamba yenye umri wa miaka takriban milioni 521, mwanzoni mwa enzi ya Kambria. Wa mwisho waliangamia miaka milioni 252 hivi iliyopita, pamoja na sehemu kubwa ya viumbe wa baharini, mwishoni mwa enzi ya Permia. Kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka milioni 270. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 20,000, kuanzia zile za milimita chache hadi Isotelus rex wa Manitoba, Kanada, aliyepita sentimita 70.

Kisukuku kizuri cha trilobiti kikielekezwa kwenye mwanga wa pembeni huonyesha mwili uliogawanywa kwa mifereji miwili inayoshuka kutoka kichwani hadi mkiani: mhimili ulioinuka katikati, na pande mbili zilizolala kama paa kushoto na kulia. Kichwa ni ngao moja ngumu. Kifua kina pingili zinazoachana kidogo, na kwa sababu hiyo spishi nyingi ziliweza kujikunja duara hatari inapokaribia. Mkia nao ni bamba moja, pingili zake zimeungana. Macho, kwa spishi zilizokuwa nayo, yana lenzi za kalisiti, madini yale yale yanayounda mawe ya chokaa. Mnyama huyu aliitazama dunia kwa kupitia jiwe, na ndiyo maana macho yake bado yanaweza kuhesabiwa lenzi moja moja baada ya nusu ya miaka bilioni.

Kichwani kuna kitu kingine kidogo ambacho jicho lisilozoea hukipita: mstari mwembamba unaozunguka upande wa ndani wa kila jicho. Ni mshono. Trilobiti, kama arithropodi wote, alikua kwa kujivua gamba, na mshono huo ndipo gamba la zamani lilipopasuka ili mwenyewe atoke akiwa laini, angoje gamba jipya likaze. Sehemu kubwa ya visukuku vinavyohifadhiwa katika makumbusho si maiti hata kidogo. Ni mavazi yaliyovuliwa. Mnyama mmoja aliweza kuacha magamba mengi maishani mwake, naye mwenyewe asiache alama yoyote ya kufa kwake.

Gamba hilo la kalisiti ndilo lililowapa trilobiti umaarufu. Bahari za Kambria zilijaa arithropodi wa kila namna, lakini wengi walivaa ngozi ya kitini tupu, isiyo na chokaa, na ngozi hiyo huoza. Ili wao wahifadhiwe, ilibidi tope liwafunike ghafla, mahali penye oksijeni haba, kabla bakteria hawajamaliza kazi yao. Mahali pa namna hiyo panahesabika: mwamba wa Burgess huko Kanada, uliogunduliwa na Charles Walcott mwaka 1909, Chengjiang katika jimbo la Yunnan, China, ulioanza kujulikana mwaka 1984 kwa kazi ya Hou Xianguang, na pengine pachache, baadhi yake katika bara la Afrika.

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda kwenye milima ya Rwenzori, kutoka Kilembe hadi Bwera, hakuna trilobiti aliyewahi kupatikana. Sababu si uhaba wa watu waliolichunguza eneo. Idara ya jiolojia ya Uganda ilianza kazi Entebbe mwaka 1919 chini ya E. J. Wayland, reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na wachimbaji waliingia ndani kabisa ya mlima. Miamba ya Rwenzori imekatwa, imechorwa ramani, imesagwa na kupimwa. Sababu imo ndani ya miamba yenyewe.

Mawe yanayobebwa na mto Nyamwamba yanaeleza jambo hili vizuri kuliko ramani. Mafuriko ya tarehe 1 Mei 2013 yaliposhuka kupitia Kilembe hadi mjini Kasese yaliacha majabali ambayo hakuna nguvu ya mikono ingeweza kuyasogeza, na watu walipoteza maisha na makazi. Ndani ya majabali hayo, na katika kokoto za mto Nyamugasani na za mto Lhubiriha kule Mpondwe, mawe ni ya aina chache zinazojirudia: gneisi yenye mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, shisti inayong'aa kwa mika, kwatsiti ngumu isiyokwaruzika kwa kisu, na amfiboliti ya kijani kibichi iliyokolea hadi kukaribia weusi, jiwe lile lile linalopatikana juu katika mlima Stanley. Hapana hata moja lenye tabaka la tope lisiloguswa na joto. Yote yamewahi kushuka kilomita nyingi chini ya uso wa dunia, yakabanwa, yakaiva, yakapangwa upya punje kwa punje.

Umri wake ni mkubwa kiasi cha kuchosha fikra. Sehemu ya gneisi za Rwenzori imepita miaka bilioni 2.5. Miamba ya kundi la Buganda na Toro, ambamo shaba na kobalti ya Kilembe imo, ina umri wa takriban miaka bilioni 2. Miamba hiyo ilianza kama tope, mchanga na lava ya bahari. Kwa hiyo si kweli kwamba bahari haikuwahi kufika hapa. Ilifika, lakini ilifika mapema mno. Iliondoka zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya mnyama wa kwanza mwenye mguu wa pingili. Bahari ile ilikuwa na bakteria. Hapa inafaa kukumbuka kwamba kuanzia mwaka 1999 hadi 2013 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilitumia bakteria kuyeyusha mabaki ya piriti ya Kilembe ili kobalti itoke: viumbe wa aina ya kale kabisa wakila jiwe la bahari ya kale kabisa.

Basi Kambria ilipofika, Kasese ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya bara, mbali na maji. Kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi iliyopita, vipande vikubwa vya ardhi vilisogea na kugongana, vikaunda bara moja lililojumuisha Afrika, Arabia, India, Madagaska, Australia, Antaktika na Amerika ya Kusini. Wanajiolojia huliita Gondwana. Mshono mkuu wa mgongano huo ulipita mashariki mwa Afrika, na alama zake zimo katika miamba iliyoiva ya Karamoja, ya Kenya ya kati na mashariki, ya Tanzania na ya Msumbiji. Juu ya mshono huo palisimama milima. Rwenzori haikuwa mlima wakati huo. Kuinuka kwake ni jambo la miaka milioni chache iliyopita, Bonde la Ufa lilipopasuka na kusukuma juu gogo zima la mwamba hadi mita 5,109 pale kilele cha Margherita. Miamba inayoonekana leo kando ya barabara ya Kilembe ilikuwa bado imezikwa.

Milima ile ya Gondwana imekwisha kabisa. Hakuna kilele chake kilichobaki. Hata hivyo ukubwa wake unaweza kukadiriwa kwa punje za zirkoni. Zirkoni ni madini magumu, madogo kiasi cha kuonekana vizuri kwa hadubini tu, na ndani yake mna urani inayogeuka polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Kwa hiyo kila punje hubeba tarehe ya kuzaliwa kwake. Mwaka 2006 Rick Squire na wenzake wa Australia walikusanya tarehe za zirkoni kutoka michanga ya kale ya sehemu mbalimbali za Gondwana. Tarehe za kati ya miaka milioni 650 na 500 zilijirudia mno. Walipendekeza kwamba punje hizo zilitoka kwenye safu moja ya milima yenye urefu wa zaidi ya kilomita 8,000 na upana wa zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba mmomonyoko wake ulimwaga baharini si mchanga peke yake bali pia chokaa, fosforasi na virutubisho vingine, wakati ule ule wanyama walipoanza kuongezeka kwa kasi na kujitengenezea magamba.

Dhana hiyo bado inajadiliwa, lakini inastahili kupewa uzito, kwa sababu inageuza namna ya kuitazama ramani ya visukuku. Ramani hiyo huonyesha Afrika Mashariki kama sehemu tupu: hakuna Kambria, hakuna Ordovisia, hakuna Siluri. Mwanafunzi anayeifungua huweza kudhani kwamba kwa miaka hiyo yote hapakutokea kitu katika nchi yake. Ukweli ni kwamba ardhi yake ilikuwa inamomonyoka. Mahali pa kumomonyoka hapawekwi visukuku. Panatoa mchanga wa kufunika visukuku vya mahali pengine. Utupu wa huku na utajiri wa kule ni tukio moja.

Kule ni wapi? Mchanga huo ulisambazwa na mito hadi pembezoni mwa Gondwana upande wa kaskazini, ukafanya matandiko makubwa yanayoanzia Moroko, kupitia Sahara, hadi Yordani na Uarabuni. Kwa mtu wa Kasese, tandiko la karibu zaidi la aina hiyo ni mchanga wa Enticho huko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, wenye umri wa Ordovisia na alama za wanyama waliochimba sakafu ya bahari. Lakini mahali panapoeleza zaidi, na penye wasemaji wa Kiswahili, ni Omani.

Uarabuni ulikuwa sehemu ya Afrika hadi Bahari ya Shamu ilipoanza kufunguka miaka milioni 30 hivi iliyopita. Kwa hiyo, wakati wa trilobiti, Uganda na Omani zilikuwa bara moja: moja ilikuwa ndani, nyingine ufukweni. Katika milima ya Saih Hatat, nyuma ya jiji la Muscat walikolowea maelfu ya Waomani wenye asili ya Zanzibar, kuna mwamba uitwao Amdeh, kwatsiti na shale zenye unene wa zaidi ya kilomita tatu. Ulikuwa mchanga wa bahari ya kina kifupi. Kwenye tabaka zake kuna alama zinazoitwa Cruziana: mifereji miwili iliyo sambamba, kila mmoja wenye mikwaruzo mifupi iliyoinama kuelekea katikati. Alama hizo ni kazi ya miguu. Trilobiti alipita akilima tope kwa jozi nyingi za miguu, pengine akitafuta chakula, mchanga ukajaa ndani ya mfereji, na umbo la mwendo wake likabaki upande wa chini wa tabaka lililofuata.

Gamba nalo limo. Trilobiti wa jenasi ya Neseuretus, mwenye kichwa kilichovimba mbele na macho madogo, amepatikana katika mwamba huo, kama alivyopatikana Saudia, Hispania, Ufaransa na Wales. Alipenda maji ya kina kifupi yenye mchanga, kandokando ya Gondwana, na wataalamu humtumia kama kipimo: penye Neseuretus palikuwa ufukwe wa bara kubwa la kusini. Katika mwamba huo huo wa Amdeh, upande wa Wadi Daiqah, vimepatikana pia vipande vya samaki wa kale asiye na taya, Sacabambaspis, vilivyotangazwa mwaka 2009. Richard Fortey wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, aliyewatafiti trilobiti kwa maisha yake yote, ndiye aliyewaeleza trilobiti wa mwishoni mwa Kambria wa Omani, mwaka 1994.

Moroko ina zaidi, na ni mahali pa kukaa kidogo. Karibu na mji wa Zagora kuna shale za Fezouata, zenye umri wa takriban miaka milioni 480. Aliyezifumbulia dunia si profesa bali mtafutaji wa visukuku wa huko huko, Mohamed Ben Moula, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitambua kwamba mawe aliyokuwa akiyaokota yana viungo laini, si magamba tu, akawaonyesha watafiti. Mmoja wa wanyama wa huko amepewa jina lake: Aegirocassis benmoulai, aliyetangazwa mwaka 2015. Alikuwa na urefu wa mita mbili hivi, mkubwa kuliko karibu kila mnyama wa wakati wake, lakini hakuwinda. Viungo vyake vya mbele vilikuwa na miiba mirefu iliyojaa nywele, navyo vilichuja viumbe vidogo majini kama nyangumi wanavyofanya leo. Ubavuni alikuwa na safu mbili za mapezi kwa kila upande, na safu hizo ziliwasaidia watafiti kuelewa jinsi mguu wa arithropodi, wenye tawi la kutembelea na tawi la kupumulia, ulivyopatikana kwa kuungana kwa viungo viwili vilivyokuwa mbalimbali. Ni haki kabisa kwamba jina la mwokotaji limo katika jina la mnyama.

Moroko pia ndiko walikopatikana trilobiti waliohifadhiwa vizuri kuliko wote wanaojulikana. Katika milima ya Atlasi, katika mwamba wa Tatelt, majivu ya volkeno yaliwaangukia trilobiti wa Kambria wakiwa hai ndani ya maji ya kina kifupi, yakawa magumu na kushika umbo lao pande zote. Abderrazak El Albani na wenzake walitangaza matokeo yao mwaka 2024. Picha za eksirei zilionyesha miguu ikiwa mahali pake, viungo vidogo kuzunguka mdomo, kipande laini cha nyama kilichofunika mdomo ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana kwa trilobiti, na utumbo uliojaa majivu: walimeza kile kilichowaua.

Upande wa kusini mwa bara, shale za Soom katika milima ya Cederberg, Afrika Kusini, ziliwekwa miaka milioni 444 hivi iliyopita katika bahari baridi mara baada ya barafu kubwa ya mwisho wa Ordovisia. Humo wamo nge-bahari na arithropodi wengine ambao sehemu zao laini zimehifadhiwa vizuri kuliko magamba.

Baada ya hapo historia ya Uganda yaendelea kuwa na kurasa zilizokosekana. Mashapo machache ya Karoo yaliyobaki Entebbe na Bugiri ni ya bara, si ya bahari. Pwani ya Waswahili nayo haisaidii: mawe ya chokaa ya Tanga, yenye mapango ya Amboni, na ya Kambe nyuma ya Mombasa ni ya enzi ya Jura, na wakati yalipowekwa trilobiti walikuwa wamekwisha toweka kwa zaidi ya miaka milioni 80.

Kasese ina chokaa yake, na hapa huzuka kosa la kawaida. Mawe yanayochomwa Muhokya, na yale yaliyochimbwa Hima, na Dura katika wilaya jirani, kwa ajili ya saruji, hudhaniwa kuwa ya bahari kwa sababu vitabu vya shule husema chokaa hutoka baharini. Haya ni ya Bonde la Ufa: yamewekwa na chemchemi na maji ya ziwa, na umri wake kijiolojia ni wa jana. Majivu ya volkeno yapo pia, mengi, kuzunguka mashimo ya Katwe na Kikorongo, lakini yaliangukia nyasi na maji ya ziwa, si bahari. Hata chumvi ya Katwe haina bahari ndani yake. Ni madini ya chemchemi yaliyokolezwa na jua katika shimo lisilo na njia ya kutokea.

Arithropodi wa maji, hata hivyo, wapo tele. Chini ya mawe ya vijito vya Rwenzori hukaa kaa wa jenasi ya Potamonautes, wa kahawia iliyofifia, wepesi wa kurudi kinyumenyume penye giza. Mmoja wao, Potamonautes aloysiisabaudiae, alielezwa mwaka 1906 na Giuseppe Nobili, na jina lake linamkumbuka Luigi Amedeo wa Savoia, mpanda milima aliyefika Margherita mwaka huo huo. Kaa hawa wana umuhimu ambao mwanzoni haukujulikana. Nzi mweusi Simulium neavei, mmoja wa waenezaji wa usubi, ugonjwa unaopofusha, hutaga mahali ambapo mabuu yake yanaweza kushikamana na gamba la kaa na kubebwa naye ndani ya maji yaendayo kasi. Jambo hilo liligunduliwa nchini Kenya mwaka 1950, baada ya miaka mingi ya kuyatafuta mabuu hayo kwenye mawe na majani bila kuyaona. Wataalamu wa Uganda walipofanikiwa kumtokomeza nzi huyo katika eneo la Itwara, karibu na Fort Portal, kuwakagua kaa ndiko kulikowaonyesha kwamba amekwisha. Arithropodi mmoja juu ya gamba la mwingine, na afya ya vijiji ikitegemea kuwajua wote wawili.

Kaa hao wana nafasi ya kuwa visukuku, kwa sababu mashapo sasa yanawekwa tena. Mito ya Nyamwamba na Mubuku huingia ziwa George. Mfereji wa Kazinga hupeleka maji yake ziwa Edward, ambako Nyamugasani na Lhubiriha pia huishia. Kisha mto Semliki hutokea Ishango na kwenda ziwa Albert na Nile. Kila mvua kubwa huteremsha gneisi na shisti zilizosagika, na Bonde la Ufa huzipokea huku likiendelea kuzama. Upande wa bonde la Semliki unene wa mashapo hayo ni wa kilomita kadhaa. Katika tabaka zake za Miosini na Pliosini, msafara wa Martin Pickford na Brigitte Senut, ulioanza kazi upande wa Uganda katika miaka ya 1980, ulikusanya konokono, samaki, mamba, tembo wa kale, na pamoja nao mabaki ya kaa wa maji baridi. Mara nyingi kinachobaki cha kaa wa namna hiyo ni ncha za makucha tu, vipande vidogo vilivyopinda, vinavyotoshea kwenye ukucha wa mtu. Gamba la mgongo ni jembamba na huvunjika mapema. Ncha za makucha ndizo zenye chokaa nyingi.